Ziwa Lililojua Kusoma

Kwa miaka zaidi ya thelathini niliamini kwamba Ziwa Kivu linajua kusoma.

Sisemi kwa mfano. Niliamini kabisa, kama unavyoamini kwamba moto unaunguza. Mtu akisaini karatasi ya bima yenye mstari wa kifo, pale panapotajwa nani atalipwa yeye akifa, basi ziwa linaisoma hiyo karatasi popote ilipo, hata ikiwa imefungiwa ndani ya kabati la chuma huko Kigali. Siku aliyesaini akikanyaga maji, linamchukua. Asiyesaini halimjui. Anaweza kuvuka kwenda na kurudi mpaka meno yamwishe, ziwa linamwona kama gogo linaloelea.

Habari hizi nilizipata nikiwa na miaka tisa, kwenye matanga ya baba. Baba alikuwa mvuvi wa sambaza, vile visamaki vyetu vidogo kama kidole. Alitoka jioni moja, hakurudi. Jirani yetu mmoja, bwana aliyekuwa na mnong'ono unaosikika mpaka Goma, aliwaambia waombolezaji: "Chama cha wavuvi kilileta karatasi za bima. Huyu alisaini siku ya soko. Siku tatu, ziwa likamusoma." Watu wakatikisa vichwa. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitazama nje, kupitia mlangoni, nikaliona ziwa limelala pale chini, limetulia kama mtu aliyemaliza kusoma barua.

Mwili haukupatikana, kwa hiyo tulizika shati. Shati la kijani lenye kola iliyochakaa, ndani ya jeneza la mtu mzima. Wanaume wanne walilibeba, na walitembea vibaya njia nzima, wanapepesuka, kwa sababu mabega yao yalikuwa yamejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Mpaka leo ndicho ninachokumbuka kuliko kilio chote.

Baada ya hapo ushahidi haukunikosa. Kulikuwa na mwalimu aliyesaini bima, akaingia majini mpaka kwenye kifundo cha mguu tu, ziwa likamnyang'anya kiatu cha kushoto. Cha kushoto! Kwa nini si cha kulia? Kwa sababu saini alikuwa ameiweka upande wa kushoto wa karatasi. Niliwahi kuwaeleza jambo hili wateja wangu kumi kwa siku moja, na tisa waliniamini.

Wateja wangu ni waendesha moto, yaani pikipiki za abiria. Nashona viti vyake pale mtaa wa Mbugangari, na bila kujisifu, hakuna kalio Gisenyi nzima ambalo halijawahi kukalia kazi ya mikono yangu, pamoja na ya maaskari na ya mapadri. Ila kwa muda mrefu nilikuwa fundi asiyejua kusoma. Nilikuwa natambua jina langu kwa umbo, kama mtu anavyotambua mbuzi wake. Mama ndiye aliyenisukuma kwenda shule ya jioni. Alikuwa ananiletea viazi mpaka mlangoni mwa darasa, mimi mtu mzima mwenye kitambi, na kuniuliza mbele ya wenzangu: "We, leo umefika herufi gani?" Niliendelea hivyo miaka mingi mpaka nikapata diploma. Siku ile nilijiona nimekuwa profesa. Nilisoma kila kitu: vibao vya hoteli, pakiti za sabuni, tangazo la mazishi ya watu nisiowajua.

Nikamwambia mama: "Sema unachotaka. Chochote. Nitakupa."

Nilitegemea kitenge. Aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea viazi.

"Mi nataka kupita pale."

"Wapi, mama?"

"Pale. Unapajua."

Tangu mwaka ule wa shati, mama hakuwahi kutia hata kidole ziwani. Nyumba yetu inasikia mawimbi usiku, lakini yeye alichota maji ya bomba, na akipita njia ya ufukweni alijifunika upande mmoja wa uso kwa mtandio, kama mtu anayemkwepa anayemdai. Sasa alikuwa mzee, magoti yanamlia, na alitaka kwenda kwa maji mpaka pale ambapo mashua ya baba ilionekana mara ya mwisho, mbele ya rasi moja yenye mikaratusi, kisha afike Kibuye, alale, arudi.

Iko meli ya watalii inayofanya safari hiyo. Si meli ya kutisha. Ni boti kubwa nyeupe ya ghorofa mbili, ina vyumba vidogo vyenye mapazia na jiko linalonukia vitunguu tangu alfajiri. Sharti lao moja: kila abiria awe na bima ya safari.

Mama aliposikia neno bima, hakushtuka. Alisema: "Muzuri. Lakini usikie. Uchukue ile ya kurudisha maiti. Nikifia huko, walete mwili wangu hapa, unizike kando ya shati ya baba yako. Mi sitaki muzike kitenge."

"Sawa, mama."

"Sema tena."

"Sitazika kitenge, mama."

Nikaenda ofisini. Mhudumu alikuwa binti wa familia iliyorudi kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi mpaka unaona mkunjo. Alinipokea vizuri, akaniwekea mezani karatasi mbili.

"Hii ni bima kamili," alisema. "Matibabu, kuhamishwa hospitali, mizigo, safari ikiahirishwa, kifo, na kusafirisha mwili. Hii nyingine ni bima ndogo. Huduma ya kwanza, mizigo na kuahirishwa. Basi. Watu wengi wa safari fupi huchukua ndogo. Ila kwa mzazi mwenye umri, kaka yangu, ningekushauri kamili."

Nilizisoma zote mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma kitu ambacho kingeweza kunidhuru. Kwenye bima kamili, katikati ya ukurasa wa pili, kulikuwa na mstari mtupu, na juu yake yameandikwa maneno haya: jina la atakayelipwa mwenye bima akifariki. Mstari wenyewe ulikuwa mrefu, mweupe, umenyooka. Feni ya ofisi ilikuwa inazunguka polepole, na kila ilipopitisha upepo, ncha ya karatasi ile iliinuka kidogo na kulala tena. Inuka, lala. Nyuma ya mhudumu kulikuwa na dirisha, na kwenye dirisha ziwa. Sikuweza kulitazama. Nilihisi linanyoosha shingo.

"Mstari huu lazima ujazwe?" niliuliza.

"Kwenye kamili, ndiyo."

"Na kwenye ndogo?"

"Ndogo haina kifo, kwa hiyo haina mstari."

Haina kifo! Alisema kwa mdomo wake mwenyewe. Jasho lilinitoka ndoo mbili. Nikamwambia nataka ndogo, mbili, yangu na ya mama. Akaniangalia kidogo.

"Mama amekubali?"

"Mama ndiye aliyeniambia."

Akanipa fomu niende nazo nyumbani mama akaweke dole gumba, kwa sababu magoti yake yasingepanda ngazi za ofisi.

Jioni hiyo mama aliketi kwenye kigoda, akakunja mikono mapajani kama yuko kanisani. "Soma," alisema. "Soma yote, polepole. Nilikupeleka shule kwa ajili ya hii."

Nikasoma. Huduma ya kwanza, nikasoma kama ilivyoandikwa. Mizigo, nikasoma. Kuahirishwa, nikasoma. Halafu karatasi ikaisha, na mimi nikaendelea. Nilisoma maneno ambayo hayakuwepo. Nilisema: abiria akifariki, kampuni itarudisha mwili wake Gisenyi, katika hali ya heshima, mpaka mlangoni mwa nyumba yake. Niliongeza hata gari. Macho yangu yalikuwa juu ya karatasi tupu na kidole changu kinatembea kushoto kwenda kulia, kama nilivyofundishwa.

"Mpaka mulangoni," mama alirudia. Akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwa nguvu zake zote.

Nilijiambia nimemwokoa. Bila mstari, ziwa lingempita kama gogo. Asipokufa, hatahitaji kurudishwa. Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa, ila sikupata usingizi.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Tuliingia botini bila kuona boti, tunafuata sauti ya nahodha: "Karibu mama, mguu hapa, pole pole." Tulipoondoka, Gisenyi ilifutika nyuma yetu kwa pumzi moja. Hakukuwa na kilima, hakukuwa na volkano, hakukuwa na mbele. Maji yalikuwa ya rangi ile ile ya hewa. Abiria wengine, watalii wanne hivi, walishuka jikoni kunywa chai. Mama akakataa chai. Alikaa mbele kabisa, mtandio umeshuka mabegani, uso wake wote wazi kwa ziwa kwa mara ya kwanza tangu nina akili.

Halafu tukasikia nyimbo.

Kila mtu wa kwetu anazijua nyimbo za wavuvi wanaorudi asubuhi. Lakini zilitoka kushoto, kisha kulia, kisha nyuma yetu, na hatukuona mtu. Zikakaribia. Zikanyamaza, zote kwa pamoja, kama mlango umefungwa. Mashua tatu zilizofungwa pamoja zikatoka kwenye ukungu karibu kiasi cha kugusa, na miti yao mirefu imenyooka mbele na nyuma kama miguu ya mdudu. Wavuvi walikuwa wamesimama. Hawakupiga makasia. Wote walimtazama mama yangu. Mmoja, mzee, alivua kofia. Wakapita. Ukungu ukawafunika, na wimbo ukaendelea pale pale ulipokatikia.

"Unawajua?" nilimuuliza mama.

"Nani?"

Nikaangalia huku na huku.

Baada ya muda nahodha alipunguza mwendo. "Mama, ni hapa," alisema. "Rasi iko hapo mukono wa kuume, lakini leo haionekani." Mama alikuwa amemwomba jana yake, na yeye alikubali kuzima injini kidogo. Akaizima.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Masikio yangu yaliuma. Boti ilisogea yenyewe, taratibu, haivutwi na chochote. Na mbele ya mama, chini kidogo ya ukingo, mapovu yakaanza kupanda. Madogo kwanza, kama ya sufuria inayokaribia kuchemka, halafu makubwa, moja moja, kila moja likipasuka kwa sauti ndogo ya midomo. Najua ziwa letu lina gesi. Nilifundishwa, nikapata alama nzuri. Lakini mapovu yale yalipanda kwa mstari. Mstari mrefu, mweupe, ulionyooka, na ulikuwa unakuja kwetu.

Mama aliinama.

"Bon," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. "Nimekuja."

Povu moja.

"Mutoto anajua kusoma sasa."

Povu moja. Nywele za mikono yangu zilisimama mpaka nikahisi shati limeinuka. Nilikuwa na fomu ile kwenye mfuko wa ndani wa koti, na nilihisi joto lake. Mama akakaa vile kwa muda ambao mimi nitasema ni saa tano, nahodha atasema ni dakika tano. Halafu akainuka, akafunga mtandio, akasema amechoka, anaenda kulala. Injini ikawaka. Nilipotazama nyuma maji yalikuwa laini kama karatasi ambayo haijaandikwa kitu.

Nilimwacha apumzike. Jua likatoka, ukungu ukapanda, milima ikaonekana, watalii wakaanza kupiga picha. Kibuye ilikuwa karibu. Nikaenda kumwamsha.

Alikuwa amelala chali. Miguu imenyooka, imebanwa pamoja. Mikono imekunjwa kifuani. Kitenge amekivuta mpaka kidevuni na kukitandaza bila mkunjo hata mmoja, vile vile wanawake wa kwetu wanavyomlaza marehemu.

"Mama."

Pazia lilikuwa linapepea juu ya uso wake, kivuli kinapita, kinarudi.

"Mama, tumefika."

Nikagusa mkono wake. Ulikuwa baridi kama samaki. Nikaita tena, sauti yangu ikatoka nyembamba, ya mtoto wa miaka tisa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa Kibuye na mama yangu, na mfukoni nilikuwa na karatasi ya kurudisha mabegi. Nikaona wanaume wanne wanapepesuka. Nikaona jeneza jepesi. Nikapiga magoti kando ya kitanda kile chembamba na nikaanza kuongea kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajasikika.

"Mama, nilikudanganya. Ile karatasi hairudishi mtu. Haina mwili, haina gari, haina mlango. Nilisoma uongo. Nisamehe, mama, nitakubeba mwenyewe, nitakubeba mgongoni mpaka nyumbani, sitazika kitenge."

"Na ule mugongo wako?" alisema mama, macho bado yamefumba. "Utafika?"

Yebaba we! Niliruka, nikagonga kichwa kwenye dari, na nahodha aliniambia baadaye kwamba boti iliyumba.

"Nilifikiri umekufa!"

"Nilikuwa ninapima." Akafumbua jicho moja. "Nilikuwa nataka kujua, namna hii, mutu anasikiaga nini. Ni kama kulala, ila pua inawasha." Kisha akafumbua la pili, na hilo halikuwa na mzaha. "Donc ulinisomea uongo."

"Ndiyo, mama."

"Mimi, niliyekuletea viazi."

Tulishuka Kibuye. Alikataa mkono wangu, akakaa kwenye benchi la bandarini akitazama ziwa, mimi nimesimama pembeni na begi langu lenye bima.

"Mi sirudi kwa maji na ile karatasi," alisema hatimaye. "Na sirudi kwa gari. Nilikuja kwa maji, nitarudi kwa maji. Piga simu kwa ule binti."

Nikapiga. Binti wa ofisini alisikiliza bila kunilaumu, ingawa nilisikia anavuta pumzi. Akasema safari ya kurudi ina karatasi yake, anaweza kumwandikia mama bima kamili hapo hapo, nimlipe kwa simu, mama athibitishe kwa sauti yake mwenyewe. Mama alichukua simu, akasikiliza yote, akauliza kuhusu mwili mara tatu, akaridhika. Akanirudishia.

"Kaka yangu," alisema binti, "limebaki jambo moja. Jina la atakayelipwa."

Nikafungua mdomo. Ziwa lilikuwa mita tano kutoka viatuni mwangu. Halikuwa na wimbi hata moja. Lilikuwa limetulia kupita kiasi, na nakwambia, lilikuwa linasikiliza.

"Kaka? Upo?"

"Ongea," mama alisema. "Unaogopa nini?"

Nikaifunika simu kwa kiganja, na pale bandarini, mtu mzima mwenye diploma, nikamweleza mama yangu kila kitu. Jirani na mnong'ono wake. Mstari. Kiatu cha mwalimu. Ziwa linavyosoma. Baba alivyosaini siku ya soko.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Nilidhani angenicheka, na ningefurahi.

"Nani alikuambia alisaini?"

"Walisema kwenye matanga."

"Baba yako hakusaini. Zile karatasi zilikuja, akazikimbia, kwa sababu hakujua kuandika na aliona haya mbele ya wenzake. Walikuwa watatu kwenye mashua. Wale wawili walisaini. Upepo ulikuja, mashua ikapinduka, wale wawili wakaogelea mpaka inchi kavu. Mumoja bado iko muzima, anauzaga mukaa." Alinyoosha mkono, akauondoa mkono wangu juu ya simu. "Baba yako hakujua kuogelea. Ni ile tu. Sasa mupe binti jina lako."